Rekete zinazounganisha majedwali zinapokwenda polepole: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Pale MySQL au MariaDB zinapofanya tofauti, imesemwa. Mifano yote ni ya depo ya kubuni ya simenti na unga hapa Lubumbashi, yenye majedwali sita: `wateja` (mistari 105,000), `bidhaa`, `mauzo` (mstari mmoja kwa kila fakture, jumla 1,200,000), `mauzo_vitu` (kila kitu kilicho ndani ya fakture, kama milioni 5), `malipo`, na `viwango` (dola moja ni franka ngapi). Rekete ni ile SELECT unayoituma kwa hifadhidata.

## Kabla ya kugusa chochote

1. Rapoti ilikuwa inatoka kwa sekunde 2, sasa inachukua dakika 4. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua kama rekete inafanya kazi au imekaa kwenye foleni. Fungua dirisha la pili la psql (programu ya kuandikia PostgreSQL amri) wakati rapoti inaendelea:

```
SELECT pid, state, wait_event_type, now() - query_start AS muda,
       pg_blocking_pids(pid) AS wanaozuia, left(query, 60)
FROM pg_stat_activity
WHERE state <> 'idle';
```

Ukiona `Lock` kwenye `wait_event_type`, rekete yako haina kosa, inangoja tu. SELECT ya kawaida haizuiwi na UPDATE ya mtu mwingine. Kinachoizuia karibu kila mara ni ALTER TABLE au TRUNCATE, na mara nyingi hiyo ALTER nayo inangoja mtu aliyefungua transakisheni (kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa pamoja), akaacha ordinatere wazi, akaenda kula bukari. Mtu huyo utamwona kama `idle in transaction`. Mpigie simu kwanza. Akikosekana, tumia `pg_terminate_backend(pid)`.

Kama hakuna `Lock`, nenda swali la 2. Usianze kuongeza indeksi (orodha iliyopangwa ya kolamu, ya kutafutia mistari haraka) wala RAM kabla ya hapo.

2. EXPLAIN inasomwaje? Naona namba nyingi tu.

Tuma rekete yenyewe ikitanguliwa na `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`. Kutoka toleo la 18, BUFFERS inakuja yenyewe pamoja na ANALYZE. Hapa ni rapoti ya wateja wa Katuba, komini ya Lubumbashi, tumeipunguza ibaki sehemu zinazosema kitu:

```
Nested Loop  (rows=36) (actual time=0.09..241377 rows=318204 loops=1)
  -> Index Scan using wateja_komini_idx on wateja w
       (rows=3) (actual time=0.03..41.2 rows=9140 loops=1)
  -> Index Scan using mauzo_mteja_idx on mauzo m
       (rows=12) (actual time=0.11..26.4 rows=35 loops=9140)
```

Kila hatua ina mabano mawili. La kwanza ni makisio ya hifadhidata kabla ya kuanza kazi, la pili ni kilichotokea kweli. Weka kidole kwenye `rows` ya kwanza na `rows` ya pili, ukianzia hatua ya ndani kabisa. Kwa `wateja` ilikisia mistari 3, ikapata 9140. Ugonjwa uko hapo. Kwa wateja 3, kwenda kwenye indeksi ya mauzo mara 3 ni akili nzuri. Kwa wateja 9140 ni balaa.

Mtego mmoja unawapoteza wengi: muda na `rows` za hatua ni wastani wa mzunguko mmoja. Milisekunde 26.4 zinaonekana si kitu, lakini `loops=9140`. Zidisha, utapata sekunde 241, ndizo zile dakika 4.

ANALYZE inatekeleza rekete kweli kweli. Ukiijaribu kwa UPDATE au DELETE, anza na `BEGIN;` umalize na `ROLLBACK;`. MySQL ina `EXPLAIN ANALYZE` tangu 8.0.18. Kwa MariaDB andika `ANALYZE FORMAT=JSON SELECT ...`.

3. Nested Loop, Hash Join, Merge Join: ipi ndiyo nzuri?

Zote, kila moja mahali pake. Nested Loop ni mtunza depo anayechukua fakture moja moja na kwenda rafuni kila mara: fakture tano, hakuna anayemshinda. Hash Join inasoma jedwali dogo lote mara moja, inalipanga kwenye RAM, kisha inapitisha lile kubwa mara moja tu. Inahitaji sharti la usawa (`=`). Merge Join inapenda pande zote mbili ziwe zimeshapangwa kwa mfuatano. MySQL kabla ya 8.0.18 haikuwa na Hash Join, kwa hiyo serveri ya zamani bila indeksi inaumia zaidi.

4. Nizime Nested Loop kabisa?

Kwa kupima tu, na ndani ya transakisheni moja:

```
BEGIN;
SET LOCAL enable_nestloop = off;
EXPLAIN ANALYZE SELECT ...;
ROLLBACK;
```

Muda ukishuka kutoka sekunde 240 hadi 2, umepata uthibitisho kwamba makisio ndiyo mabaya: nenda maswali ya 10 na 11. Ukiiandika kwenye `postgresql.conf`, rapoti moja itapona, na kila dirisha dogo la kutafuta mteja mmoja litaanza kuchechemea.

## Indeksi

5. Nimeweka FOREIGN KEY (kolamu inayoelekeza kwenye jedwali lingine). Si tayari ni indeksi?

Kwa MySQL na MariaDB zenye InnoDB, ndiyo, inaundwa yenyewe. Kwa PostgreSQL, hapana. Upande wa `wateja.id` una indeksi kwa sababu ni PRIMARY KEY, ila `mauzo.mteja_id` haina mpaka uiweke wewe. Wanaohama kutoka MySQL wanaangukia hapa karibu wote. Dalili nyingine ni kwamba kufuta mteja mmoja kunachukua sekunde nyingi, maana hifadhidata inasoma `mauzo` yote ikitafuta kama bado ana fakture.

Angalia kwa `\d mauzo_vitu`, kisha:

```
CREATE INDEX CONCURRENTLY mauzo_vitu_mauzo_idx ON mauzo_vitu (mauzo_id);
```

`CONCURRENTLY` inaacha wauzaji waendelee kuandika fakture. Haikubali kuwa ndani ya transakisheni, na ikikatika njiani (umeme, mtandao) inaacha indeksi yenye alama `INVALID`, isiyosaidia rekete yoyote lakini inaendelea kuchelewesha kila INSERT. Ifute kwa DROP INDEX, uanze upya.

6. Indeksi ipo, lakini bado naona Seq Scan (kusoma jedwali lote).

Huenda iko sahihi. Rapoti ya mwaka mzima inayogusa nusu ya `mauzo` ni haraka zaidi kusoma jedwali lote moja kwa moja kuliko kurukaruka kwenye indeksi mara 600,000.

Kama unataka mistari michache na bado ni Seq Scan, angalia kama kolamu imefungwa ndani ya funksheni au aina za data hazilingani (maswali ya 7 hadi 9). Na kama diski ni SSD, `random_page_cost` ya kiwanda, 4.0, inadhani bado una diski inayozunguka. Ishushe hadi 1.1.

7. Tunaunganisha kwa namba ya simu na inachukua milele.

Tatizo linaanzia mezani: mmoja anaandika +243, mwingine 0, mwingine 00243 na nafasi katikati. Ili zilingane, watu wanaweka `replace` juu ya `replace` pande zote mbili za ON. Indeksi ya `simu` imepangwa kwa maandishi yalivyo. Ukiibadilisha kolamu kwa funksheni, indeksi haina msaada tena.

Safisha mara moja na uhifadhi. Namba zetu za simu ya mkono zina tarakimu 9 baada ya 243, kwa hiyo chukua 9 za mwisho:

```
ALTER TABLE wateja ADD COLUMN simu_safi text
  GENERATED ALWAYS AS
  (right(regexp_replace(simu, '\D', '', 'g'), 9)) STORED;
CREATE INDEX ON wateja (simu_safi);
```

Hii inafanya kazi tangu PostgreSQL 12. ALTER hiyo inaandika jedwali lote upya na kulifunga wakati huo, basi ifanye usiku. Usiweke UNIQUE siku hiyo hiyo: mume na mke wanaotumia simu moja wapo, na kila namba inayojirudia inazidisha mistari kama swali la 13.

Kwa MySQL kuna sura ya pili ya tatizo hili: `simu` ni VARCHAR huku na BIGINT kule. Inalinganisha bila kulalamika, kwa kugeuza maandishi kuwa namba, na indeksi ya VARCHAR inaachwa. PostgreSQL inakataa kwa kosa la wazi. Watu wanaandika `::text` kunyamazisha kosa, na kupoteza indeksi ya upande huo.

8. Kuchuja kwa tarehe kunaua kasi. Na rapoti ya Kinshasa hailingani na yetu.

Ni kosa moja lenye matunda mawili. `WHERE date(m.saa) = '2025-03-31'` inafunga kolamu ndani ya funksheni. Andika mipaka badala yake, na mipaka iseme ni saa za wapi:

```
WHERE m.saa >= '2025-03-31 00:00+02'
  AND m.saa <  '2025-04-01 00:00+02'
```

Lubumbashi, Goma na Bukavu ziko saa 2 mbele ya UTC, Kinshasa saa 1. Fakture ya saa sita na nusu usiku wa tarehe 1 Aprili hapa, kwa Kinshasa bado ni tarehe 31 Machi. Kolamu iwe `timestamptz`, na `date()` isipewe nafasi ya kuchagua siku kwa kufuata mpangilio wa serveri.

9. MySQL: majedwali mawili, kolamu zinafanana kabisa, indeksi haitumiki.

Tazama seti ya herufi ya kila jedwali. Jedwali la zamani liko kwa `latin1`, jipya kwa `utf8mb4`. MySQL inageuza upande wa `latin1` kwa kila mstari, na indeksi ya upande huo inakwisha kazi. Endesha EXPLAIN, kisha `SHOW WARNINGS`: ukiona `convert(... using utf8mb4)`, ndiyo hiyo. Dawa ni `ALTER TABLE ... CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4`, baada ya kuweka bakapu.

## Hesabu ya mistari iliyokosewa

10. Kwa nini ilikisia wateja 3 wakati wako 9140?

Kwa sababu wiki iliyopita walikuwa 3. Depo ya Katuba ndiyo imefunguliwa, orodha ya wateja wake ikaingizwa kutoka Excel kwa mara moja.

PostgreSQL inajipimia upya yenyewe, lakini inangoja mabadiliko yafike mistari 50 pamoja na asilimia 10 ya jedwali. `wateja` ilikuwa na karibu 96,000, basi mpaka ulikuwa kama 9,650. Waliingia 9,137. Mpaka haukufikiwa, hifadhidata ikabaki na picha ya zamani, na haikuandika onyo popote.

Tuma `ANALYZE wateja;`. Ni kazi ya sekunde chache kwa sababu inasoma sampuli tu. Kila skripti inayoingiza data nyingi imalizie na ANALYZE. Kwa majedwali makubwa shusha mpaka wenyewe:

```
ALTER TABLE wateja SET (autovacuum_analyze_scale_factor = 0.02);
```

11. Nimefanya ANALYZE na makisio bado ni mabaya.

Basi kolamu zako zinajuana na hifadhidata haijui. Chukua `jiji = 'Lubumbashi' AND komini = 'Katuba'`. Tuseme 40% ya wateja ni wa Lubumbashi na 10% ni wa Katuba. PostgreSQL inazidisha, inapata 4%. Wewe unajua kwamba kila aliye Katuba yuko Lubumbashi, jibu ni 10%. Ongeza `mkoa = 'Haut-Katanga'` na makisio yanazidi kupungua, ingawa hakuna mteja hata mmoja aliyeondoka. Ifundishe:

```
CREATE STATISTICS wateja_mahali (dependencies, mcv)
  ON mkoa, jiji, komini FROM wateja;
ANALYZE wateja;
```

`dependencies` ipo tangu toleo la 10, `mcv` tangu la 12. (Na kama mtu anachuja `komini = 'Kenya'` bila jiji, hakikisha ni komini yetu, si kolamu ya nchi iliyoingia kimakosa.) Takwimu hizi zinarekebisha makisio ndani ya jedwali moja. Hazivuki hadi jedwali la pili.

Kama kolamu moja ina thamani chache zinazobeba karibu kila kitu na nyingine mamia zenye mistari michache, ongeza undani wake: `ALTER TABLE wateja ALTER COLUMN komini SET STATISTICS 1000;` kisha ANALYZE. Ya kiwanda ni 100.

12. Kila baada ya delestaji (kukatwa umeme) rapoti zinakuwa nzito. Ni kudhani tu?

Hapana, na sababu ni mbili. Ya kwanza inaonekana: RAM imefutika, data yote inasomwa tena kutoka diski. Hii inapona yenyewe baada ya rapoti chache, au harakisha kwa `pg_prewarm`:

```
CREATE EXTENSION pg_prewarm;
SELECT pg_prewarm('mauzo');
```

Ya pili haionekani. Serveri ikizimika ghafula, data inarudi salama kupitia WAL (daftari la mabadiliko), lakini zile hesabu za mabadiliko zinazotumiwa kuamua lini jedwali lipimwe upya zinarudi sifuri. Kama `wateja` ilikuwa imefika 9,000 kati ya 9,650, inaanza tena kuhesabu kutoka 0. Umeme ukikatika kila siku, jedwali linaweza kukaa miezi bila kupimwa. Weka onduleri (betri ya kushikilia umeme) yenye kutoa amri ya kuzima serveri kwa utaratibu, na baada ya kila kuzimika kwa ghafula endesha `vacuumdb --all --analyze-only`.

## Rekete yenyewe

13. Jumla inatoka kubwa kuliko ukweli. Nimeweka DISTINCT, sasa ni polepole na bado si sahihi.

Umeunganisha `mauzo` na `mauzo_vitu` na `malipo` pamoja. Fakture yenye vitu 5 na malipo 3 inazaa mistari 15: kila kitu kinahesabiwa mara 3, kila malipo mara 5. DISTINCT inaficha baadhi ya nakala kwa kupanga mamilioni ya mistari, na inafuta pia malipo mawili halali ya kiasi kilekile. Jumlisha kila upande kwanza, ndipo uunganishe:

```
SELECT m.id, v.jumla, p.amelipa
FROM mauzo m
LEFT JOIN (SELECT mauzo_id, sum(kiasi * bei) AS jumla
           FROM mauzo_vitu GROUP BY mauzo_id) v ON v.mauzo_id = m.id
LEFT JOIN (SELECT mauzo_id, sum(kiasi) AS amelipa
           FROM malipo GROUP BY mauzo_id) p ON p.mauzo_id = m.id;
```

Ukitaka fakture za siku moja tu, weka sharti la siku ndani ya kila mabano pia, la sivyo milioni 5 zote zinajumlishwa kwa ajili ya fakture 80.

14. Kugeuza franka kuwa dola kwa kiwango cha siku ile: rekete inakufa.

Sharti la `k.kuanzia <= m.saa AND k.kuisha > m.saa` si usawa, kwa hiyo Hash Join haiwezekani. Fakture 100,000 kwa viwango 2,000 ni ulinganisho milioni 200. Uliza kiwango kimoja tu cha mwisho kwa kila fakture:

```
CREATE INDEX ON viwango (kuanzia DESC) INCLUDE (kiwango);

SELECT m.id, m.jumla_fc / k.kiwango AS dola
FROM mauzo m
LEFT JOIN LATERAL (
  SELECT kiwango FROM viwango
  WHERE kuanzia <= m.saa
  ORDER BY kuanzia DESC LIMIT 1
) k ON true;
```

Hapa Nested Loop ndiyo unayoitaka. LEFT inabakiza fakture isiyo na kiwango ili uione. Lakini njia nzuri kuliko zote ni kuandika kiwango kwenye fakture yenyewe saa ya kuuza. Ndicho mteja alicholipia, na mtu akirekebisha `viwango` kesho, fakture ya jana haitabadilika.

15. `OR` ndani ya ON, na `NOT IN`?

`ON m.mteja_id = w.id OR m.simu = w.simu` inazuia Hash Join: igawanye kuwa rekete mbili zenye UNION. `NOT IN (SELECT ...)` ibadilishe kuwa `NOT EXISTS`. NULL moja tu ndani ya NOT IN inarudisha mistari sifuri, kabla hata ya kuongelea kasi.

16. Rekete yetu ina majedwali 14.

Kuanzia 9, mpangilio ulioandika wewe unaanza kuwa na uzito, kwa sababu `join_collapse_limit` (majedwali ambayo PostgreSQL inayapanga upya yenyewe) ni 8. Anza na jedwali linalochuja zaidi, au jaribu `SET join_collapse_limit = 14` pamoja na `SET geqo = off` (kuzima upangaji wa kukisia unaotumika majedwali yakiwa mengi) na uangalie muda wa kupanga (`Planning Time`) usizidi faida.

17. Naona `Batches: 16` kwenye Hash. Niongeze work_mem?

Ndiyo, kwa rekete hiyo tu. Zaidi ya `Batches: 1` maana yake jedwali halikuenea kwenye RAM, likamwagwa kwenye diski. `work_mem` ya kiwanda ni MB 4, na Hash inaruhusiwa mara mbili yake tangu toleo la 15. Tumia `SET LOCAL work_mem = '64MB'` ndani ya transakisheni ya rapoti.

Usiipandishe kwa wote bila hesabu. Inatolewa kwa kila hatua ya kila rekete, si kwa serveri nzima. Watu 40, hatua 3 kila mmoja, MB 64: karibu GB 7.5 kwenye serveri yenye GB 8. Linux itaua PostgreSQL, na utarudi swali la 12. Kabla ya hapo, angalia kama ukubwa huo wa Hash hautokani na makisio mabaya tu.

18. Kwenye psql ni milisekunde 40, ndani ya programu ni dakika nzima.

Hesabu rekete ngapi programu inatuma. Washa `log_min_duration_statement = 0` kwa dakika mbili, fungua ukurasa, soma logi. Ukiona SELECT ileile mara 300 ikibadilika `id` tu, programu inaunganisha majedwali yenyewe kwa mzunguko badala ya kuiachia hifadhidata. Kama serveri iko Ulaya na kila safari ni milisekunde 200, hizo ni sekunde 60 ambazo hakuna indeksi itakayoziondoa. Tafuta chaguo la programu la kuvuta vyote kwa JOIN moja.

Kama ni rekete moja tu, na inaharibika kuanzia mara ya sita, ni mpango wa jumla: baada ya mara 5, PostgreSQL inaweza kuacha kuangalia thamani uliyotuma na kutumia mpango mmoja kwa Katuba yenye maelfu na komini yenye wateja wawili. Jaribu `SET plan_cache_mode = force_custom_plan` kwenye muunganisho huo.